Siku 10 na shemeji yenu kwenye makorongo ya Utah na Arizona, tulichokiona na tulichogombania (uzi mrefu)

Kibosho Masafa:

Wakuu salama? Mimi humu ni msomaji wa kimyakimya siku zote, ila juzi kuna kijana aliuliza kama inawezekana kukodi gari Marekani ukazunguka hifadhi za taifa na mkeo bila kampuni ya utalii, watu wakaanza kumjibu vitu vya kuokoteza, mara utasimamishwa na polisi kila kona, mara utaliwa na dubu. Nikasema ngoja nifungue uzi maana mi na shemeji yenu tuliifanya hiyo safari Septemba 2023, siku kumi, tukitokea Denver ambako tunabangaiza maisha, na dubu hatukumuona hata mmoja, kilichotutoa jasho ni vitu vingine kabisa.

Kwanza mtujue. Mi mtu wa Kibosho, nimezaliwa mlima Kilimanjaro unauona ukifungua dirisha la jikoni na sijawahi kuupanda, najua mtanicheka ila ndo hivo, sisi wengi wa kule mlima ni wa wageni. Shemeji yenu ni mtu wa Tanga, Pangani kabisa, amekulia kwenye maji, na ulimi wake mnajua wenyewe watu wa Tanga, akikusema anakusema kwa upole mpaka unamshukuru afu unaenda kulala ndo unagundua umetukanwa.

Njia yetu ilikuwa hivi: Denver mpaka Moab (Arches na Canyonlands), Capitol Reef, Bryce Canyon, Zion, tukaingia Arizona mji wa Page, Grand Canyon upande wa kusini, Monument Valley, nyumbani. Karibu kilomita 3,000 ukihesabu na vizunguko vya ndani. Gari tulikodi kwa sababu la kwetu lilikuwa linatoa moshi mweupe ukipanda kilima, na huko ni vilima mwanzo mwisho.

Hela ya kuingia: kipindi kile kila hifadhi ilikuwa na bei yake kwa gari moja, Grand Canyon, Zion na Bryce dola 35 kila moja, Arches na Canyonlands 30, Capitol Reef 20. Ukijumlisha ni 185. Sisi tulinunua kadi ya mwaka ya dola 80 inayoingiza gari zima kwenye hifadhi zote za serikali kuu, kwaiyo hapo tu tukaokoa zaidi ya dola mia. SASA SIKILIZA wewe unayetoka nyumbani kuja kutembea, kuanzia Januari 2026 mambo yamebadilika. Mkazi wa Marekani mwenye kitambulisho cha huku anaendelea na 80, mgeni asiye mkazi kadi yake ni dola 250, na asipokuwa na kadi kuna dola 100 za ziada kwa kichwa kwenye hifadhi 11 zenye watu wengi, zikiwemo Grand Canyon, Zion na Bryce. Kwaiyo mkija wawili na mnapita zaidi ya hifadhi moja ya hizo piga hesabu vizuri, kadi ya 250 ndo nafuu.

Naandika kwa vipande nikiwa kazini, bosi akipita nanyamaza.

Mzee wa Kupinga:

Yaani wazungu wamejifunza kwetu sasa hahaha, Serengeti mzungu analipa madola wewe raia unalipa elfu kumi na kidogo, leo wametugeuzia kibao. Ila mkuu swali, hizo hifadhi zina simba? Tembo? Maana nasoma naona mawe tu.

Dereva wa Tunduma:

Niko siti ya mbele, tupia mambo. Na picha usisahau.

Kibosho Masafa:

@Mzee wa Kupinga hilo ndo swali la mama mkwe. Tulimpigia video tuko Moab tunafunga hema, akauliza, mnaangalia nini huko, nikamwambia mama, mawe. Akakaa kimya kidogo akasema, "Mmelipa hela kuangalia mawe, na mnalala porini kwa hiari yenu?" Nikakosa jibu.

Ila niseme ukweli, tofauti kubwa na kwetu sio wanyama. Kwetu hifadhi unaiona ukiwa ndani ya gari, ukishuka ovyo dereva anakufokea. Huku hifadhi unaitembea kwa miguu. Gari ni la kukufikisha tu, ukibaki ndani ya gari umeona robo. Kwaiyo mkeo au mumeo utamjua miguu yake, pumzi yake, na hasira zake za njaa. Niseme nini zaidi.

Arches siku ya kwanza. Kipindi kile ulikuwa lazima ukate tiketi ya muda mtandaoni kabla, saa fulani mpaka saa fulani ndo unaingia, kama hujakata unageuziwa getini (hizi taratibu wanazibadilisha kila mwaka, cheki kabla hujaenda). Tulienda Delicate Arch, lile tao lililoko kwenye pleti namba za magari ya Utah. Kwenda na kurudi ni kilomita kama tano tu, ukisikia tano unasema mbona kama natoka nyumbani kwenda sokoni, lakini sehemu kubwa ni mwamba mtupu unaopanda juu kama paa la nyumba, hakuna mti, hakuna kivuli, njia yenyewe haichorwi, wamepanga vijiwe vidogo unavifuata kimoja baada ya kingine. Shemeji yenu alivaa raba za gym zimelika soli. Kila hatua tano anaserereka moja. Tao lenyewe hulioni mpaka sekunde ya mwisho, unapita kwenye ukingo mwembamba wa mwamba, unakata kona, hilo hapo limesimama peke yake. Watu kama mia wamekaa chini wanalitazama kama wako sinema. Akakaa, akavua raba, akaangalia nyayo zake zimekuwa nyekundu kwa vumbi, akasema "kama nimepakwa hina." Jioni ileile tukanunua buti mjini. Bei ya mji wa watalii. Wewe nunua kwenu kabla ya kutoka.

Canyonlands niipite haraka, tulienda Mesa Arch alfajiri kuona jua likichomoza, tukakuta wapiga picha wameshajipanga na stendi zao za kamera za miguu mitatu bega kwa bega kama foleni ya mwendokasi. Tuliona jua kupitia kwapa la mtu.

Bi Chumbageni:

😂😂😂 kwapa la mtu! Huyo shemeji wa Pangani nimeshampenda, msalimie sana mwambie wa nyumbani kamsoma. Kaka na chakula mlikuwa mnakula nini? Maana mimi siwezi baga siku kumi.

Kibosho Masafa:

Dada salamu zimefika. Chakula tulibeba deli moja kubwa la barafu, jiko dogo la gesi, sufuria mbili na unga. Ugali tumesonga Utah. Barafu unaongeza kila siku ukipita kituo cha mafuta, ukisahau siku moja nyama imeharibika, na tulisahau. Kwenye kambi sheria ni chakula chote na hata dawa ya mswaki viingie ndani ya gari usiku, usiache kitu kwenye hema, wanyama wadogo wanakuja.

Mafuta nayo: ukitoka mji wa Green River kuelekea magharibi kuna bango linakwambia hakuna huduma yoyote maili mia na ushee. Hawatanii. Sisi tulichepuka kabla kwenda kusini kuelekea Hanksville, na huko nako ni jangwa la kijivu kama mwezini, gari zimepishana na sisi nadhani nne. Mshale uko robo, simu haina hata nundu moja ya mtandao, mi nimenyamaza, yeye kanyamaza. Hanksville tukakuta kituo cha mafuta duka lake limechongwa ndani ya mwamba, nikaingia mle kama nimeingia msikitini, kwa heshima. Jaza tangi likifika nusu, usisubiri robo. Na ramani shusha kwenye simu ukiwa bado mjini.

Capitol Reef watu wengi wanairuka na ndo walipokosea. Ndani ya korongo kuna mashamba ya matunda ya walowezi wa dhehebu la Mormoni walioanza kukaa pale miaka ya 1880, kijiji chao kiliitwa Fruita, kijiji hakipo tena ila miti ipo na hifadhi inaitunza. Septemba ni msimu wa epo. Unachukua ngazi, unachuma, unachokula pale pale shambani bure, cha kubeba unapima kwenye mzani unatumbukiza hela kwenye kisanduku, hakuna mtu anakulinda. Shemeji yenu alinishikia ngazi huku anabishana na mimi kwamba haya ni epo, sio matofaa, tofaa ni lile la kwao Pangani jekundu lenye maji, hili lingine tumelipa jina la kuazima. Tulibishana nusu saa nzima mi niko juu ya ngazi. Ile nusu saa kwangu ndo safari yenyewe, mengine yote ni mandhari.

Dereva wa Tunduma:

Mkuu mi nataka barabara. Mlipita wapi kwenda Bryce, nasikia kuna sehemu kuzimu kushoto kuzimu kulia.

Kibosho Masafa:

Umesikia vizuri. Barabara namba 12. Inapanda mlima wa Boulder mpaka mita 2,900 hivi, baridi, misitu ya miti myeupe majani yanaanza kuwa ya njano, afu inashuka unafika sehemu wanaita Hogback, lami imepita juu ya mgongo wa kilima, kushoto bonde, kulia bonde, kingo za kuzuia gari hakuna sehemu kubwa. Aliyekuwa anaendesha ni yeye. Mi nilishika ule mkono wa juu ya mlango nikawa naangalia dashibodi tu. Akaniambia "tazama kulia pazuri," nikamwambia nimeshaona. Sijaona kitu.

Bryce ni juu, ukingo wake uko mita 2,400 mpaka 2,700, usiku tulitetemeka kwenye hema mpaka tukahamia kulala kwenye gari. Asubuhi unashuka katikati ya nguzo za mawe za rangi ya chungwa, maelfu, zimesimama kama watu wako kwenye mkutano wa hadhara. Kinachozichonga ni barafu: maji yanaingia kwenye nyufa mchana, usiku yanaganda yanatanuka, mwamba unapasuka, kidogo kidogo miaka na miaka. Unga njia ya Queen's Garden na Navajo Loop, masaa mawili matatu, hiyo moja inatosha hata kama una siku moja tu.

Zion sasa. Hapa wengi wanakuja kwa ajili ya Angels Landing, kile kichuguu cha mwamba kirefu ambacho mwishoni unatembea juu ya ukingo umeshika mnyororo, huku na huku hewa. Tangu Aprili 2022 huendi bila kibali, na kibali ni bahati nasibu ya mtandaoni, dola 6 kuomba, ukikosa hazirudi. Tuliomba, tukakosa. Tukaomba ile ya siku moja kabla, tukakosa. Shemeji yenu alinuna, mi moyoni nikasema alhamdulillah na mimi ni Mkatoliki.

Tukaenda Narrows, yaani njia ni mto wenyewe. Unapanda basi la bure la hifadhi mpaka kituo cha mwisho (gari binafsi haliruhusiwi kwenye lile korongo miezi mingi ya mwaka), unaingia mto Virgin unatembea ndani ya maji, kuta za mwamba pande zote mbili zinapanda juu mpaka mbingu inabaki utepe. Mawe ya chini ni ya mviringo yanateleza kama yamepakwa mafuta, unakodi viatu vya maji na fimbo kule kijijini Springdale, usijifanye mjanja ukaacha fimbo. Pale mtoto wa Pangani alikuwa nyumbani. Mi nazama mpaka kiunoni napiga kelele, yeye kasonga mbele anaimba.

Kitu kimoja cha maana sana. Kabla hamjaingia angalieni ubao wa hatari ya mafuriko ya ghafla, wanaandika kila siku. Sisi tuliokulia chini ya mlima tunalijua hili, korongo kavu, jua kali, kumbe juu mlimani imenyesha, unasikia mngurumo na maji yameshafika. Huku ni hivohivo ila kuta ni ndefu huna pa kukimbilia. Agosti 1997 watalii 11 walikufa Antelope Canyon kule Page, mvua yenyewe ilinyesha mbali na pale walipokuwa.

Pwani Mpaka Bara:

Mambo wasee, Mkenya hapa niko Minnesota. Hiyo Antelope Canyon ni lazima ulipe guide ama unaweza ingia tu pekeyako? Na ile kadi ya mwaka inafanya kazi hapo?

Kibosho Masafa:

Ndugu yangu wa Minnesota karibu. Hapana na hapana. Antelope Canyon na Monument Valley ni ardhi ya Wanavajo, kabila la wenyeji asilia wa huku, sio hifadhi ya serikali kuu, kadi yako hapo ni pambo. Antelope lazima uingie na mwongoza wageni wa Kinavajo na unakata nafasi mapema. Na hapa ndo niwape kichekesho cha saa.

Arizona haibadilishi saa majira ya joto. Utah inabadilisha. Kwaiyo Septemba ukitoka Utah kuingia Page unapata saa moja ya bure. Ila nchi ya Wanavajo, ambayo sehemu yake kubwa imo ndani ya Arizona, yenyewe inabadilisha. Na katikati ya nchi ya Wanavajo kuna ardhi ya Wahopi, wao hawabadilishi. Sasa simu yako inashika mnara wa huku inasema hivi, ukipanda kilima inashika wa kule inasema vingine. Ongeza na sisi wawili ndani ya gari tunaongea saa za Kiswahili, saa tatu yetu tisa yao. Antelope tulifika saa nzima kabla, nikajisifu mi mtu wa kuwahi. Siku tatu baadae tunatoka Grand Canyon kwenda Monument Valley, tumeshakata safari ya jioni ya gari la wazi saa kumi, tunafika saa kumi kasorobo tunacheka, tunaambiwa ni saa kumi na moja kasorobo, wenzenu wameshaondoka. Hela hairudi, na kosa ni letu kabisa, tiketi imeandikwa saa za Navajo kwa herufi nene. Tukaizunguka wenyewe ile barabara ya vumbi ya kilomita 27 na gari la kukodi, tunaruka kwenye mashimo naomba Mungu bampa isibaki. Zile nguzo mbili zinazofanana na viganja vya mikono tulizikuta jua linazama zimewaka nyekundu. Yeye ndo aliyesema, bora tumekosa, tungekuwa tumekaa na watu kumi tunavumilia hadithi.

Mzee wa Kupinga:

Umeruka Grand Canyon makusudi. Kichwa cha uzi kinasema MLICHOGOMBANIA. Tunasubiri.

Kibosho Masafa:

Haya mkuu, we unasoma kama hakimu.

Grand Canyon ina urefu wa kilomita 446, kina kama kilomita moja na nusu na zaidi. Ukifika ukingoni mara ya kwanza macho yanakataa, unaona kama picha imebandikwa. Siku ya kwanza tulikaa tu tukatazama. Siku ya pili nikasema tushuke, njia ya Bright Angel. Tulianza saa tatu asubuhi, kosa la kwanza, wenzetu walianza alfajiri.

Sasa mi akilini mwangu mlima ni kitu unapanda ukichoka unashuka. Huku mlima umegeuzwa kichwa chini. Unaanza kwa kushuka, miguu mepesi, unapiga soga, unapishana na watu wanapanda wamefumba midomo hawajibu salamu unasema hawa wazungu vipi. Unapishana na nyumbu (sio wa Serengeti, hawa ni chotara wa punda na farasi) wamebeba watu, mnasimama mnawapisha, wanaacha vidimbwi vya mkojo njiani harufu inapanda mpaka kwenye ubongo. Kila ukishuka joto linaongezeka, chini kabisa linaweza kuzidi la juu kwa nyuzi kumi na zaidi.

Kibanda cha kwanza kiko maili moja na nusu, umeshashuka kama mita 340. Tulifika kwa dakika arobaini na tano. Kuna bomba la maji, kuna choo. Shemeji yenu akajaza chupa, akaangalia juu tulikotoka, akasema, "Baba, hapa panatosha. Tugeuze." Nikamwambia we, tumeanza sasa hivi tu, mi mtu wa mlimani. Akasema, najisikia sawa, lakini panatosha. Nikasema maneno ambayo mpaka leo nayalipia, nilisema, "Basi rudi wewe, nitakukuta juu."

Hakujibu. Akavaa begi akanifuata.

Kibanda cha pili, maili tatu, karibu mita 650 chini ya ukingo. Saa tano kasoro. Nikapiga picha nimeweka mikono kiunoni. Hiyo picha ipo na hamtaiona.

Kupanda. Hifadhi wanasema muda wa kupanda hesabu mara mbili ya kushuka, mi nikaona wanawaambia wazee. Baada ya kona kumi jua liko utosini, nimeshakunywa lita tatu za maji na sijala kitu tangu chai, tumbo linacheza maji kama dumu, kichwa kinagonga, kichefuchefu, afu paja la kulia likakaza. Sio kuuma, KUKAZA, naona msuli unaruka chini ya suruali kama kuna panya. Nikakaa kwenye jiwe. Akaja askari wa hifadhi, mama mmoja mtu mzima anashuka, akaniangalia. Nilijua ataniuliza kama nina maji. Akauliza, "Umekula nini cha chumvi?" Kumbe ukinywa maji matupu mengi huku unatoka jasho chumvi ya mwili inashuka, unaweza kuzimia na chupa yako imejaa mkononi. Kabla sijajibu shemeji yenu kashafungua begi, karanga za chumvi, mfuko mzima, na ubuyu ambao dada yake alimtumia. Akaniwekea kiganjani kidogo kidogo kama mtoto. Yule mama akatuambia tukae kivulini, jua lipungue ndo tupande, na kwenye bomba nilowanishe shati lote nilivae bichi.

Tulikaa pale chini ya mwamba masaa mawili. Hakunisema hata neno moja, na kwa mtu wa Tanga kimya ni kitu kizito. Tulipoanza kupanda akatangulia, hatua fupifupi, akifika kona anasimama anaangalia mandhari, anajifanya anaangalia mandhari, ananisubiri. Juu tulifika saa kumi na mbili na ushee, jua linazama, watalii wanapiga makofi kwa ajili ya jua. Mi nikaona kama wananipigia mimi.

Kwenye gari ndo akaongea. Kawasha injini, hajaondoa gari, akasema, "Haya mtu wa mlimani." Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniuliza, "Ningegeuka pale kwenye kibanda, ungeendelea kweli? Ukakakamaa peke yako kule chini, mi niko juu nakusubiri, najua nini?"

Sikuwa na jibu. Yeye alinifuata sio kwa sababu anataka kufika kibanda cha pili, alinifuata kwa sababu ya lile begi, chakula chote kilikuwa kwake. Nilikuwa sijawaza hata hilo. Nikamwambia samahani. Akasema sawa, akaingiza gia.

Bi Chumbageni:

Kaka mbona nimesoma huku machozi yananilenga na niko kwenye daladala. Huyo mwanamke mshike.

Dereva wa Tunduma:

Mi barabarani miaka 14, sheria ya kwanza ukiwa na utingo usimuache nyuma hata kama mmegombana. Chakula kiko kwake kila siku 😂

Mzee wa Kupinga:

Mimi siku zote napinga ila leo sina hoja. Swali dogo tu la mwisho, ungeanza upya ungebadilisha nini?

Kibosho Masafa:

@Mzee ningekata hifadhi mbili. Sita na Monument Valley kwa siku kumi ni kukimbizana, kuna siku tulikaa kwenye gari masaa sita tukafika tumechoka tukaanza kugombania nani asonge ugali. Siku kumi chukua Bryce, Zion na Grand Canyon basi, au Moab yote na Capitol Reef. Kila hifadhi usiku mbili au zaidi. Na kindi wa Grand Canyon msiwalishe, wamezoea watu, wanang'ata, mi mmoja alinipandia mpaka kwenye goti akitaka karanga.

Pwani Mpaka Bara:

Na mtarudi Zion mjaribu ile ya mnyororo? Mkipata permiti mniambie nami niombe, naskia mtu moja anaweza ombea kikundi.

Kibosho Masafa:

Ndio, ombi moja linabeba mpaka watu sita. Shemeji yenu ameshaomba, ya msimu huu unaokuja. Nimeona kwenye simu yake juzi, majina mawili, la kwake na la dada yake. Nikamuuliza mbona la kwangu halipo. Akaniangalia na ule upole wake akasema, "Wewe tutakukuta chini."